Rimoti ya Gari la Baba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba yule mdogo ameacha kukohoa. Sisi huku hatujambo kiasi. Mguu wa Mama unaendelea vizuri. Daktari ameutazama akasema mfupa umeanza kushika, ila plasta bado haitolewi. Anakula, analala, ananigombeza kuhusu nywele zangu, kwa hiyo jua kwamba roho imemrudi. Baba naye yupo. Habari za Baba ndiko ninakoelekea, lakini niache nifike polepole, maana nikizirukia nitaishia kuzikimbia.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mtu ambaye hata kadi ya harusi yako niliandikiwa na mwingine. Simu ninayo, na salio ninalo. Nimekupigia mara kadhaa wiki hii, na kila ulipopokea nikajikuta nakuuliza habari za mvua. Unanijua ulimi wangu, Dada. Ukinibana tu natoa utani, watu wakicheka napitia mlango wa nyuma. Kwenye karatasi sisikii mtu akicheka. Nimekaa kiti cha nyuma cha gari la mteja hapa gereji, mwenyewe ameenda kutafuta spea, na wenzangu wanadhani naandika orodha ya vifaa.

Umesema unakuja Jumamosi kumchukua Baba. Umeshapanga na daktari wa mambo ya kumbukumbu huko kwenu, umemwandalia chumba, na umesema gari litafutiwe mnunuzi. Umefanya kama mtoto mkubwa anavyopaswa kufanya, na hakuna aliyekupinga, hata Baba mwenyewe. Ndiyo maana nataka usome hii kabla hujapanda basi. Mtoto wa jirani anasafiri kesho kuja huko chuoni, nitampa akuletee mkononi.

Naanza na ile zawadi yako. Unakumbuka ulipokuja msimu wa baridi ukamkuta Baba anatoka alfajiri na koti juu ya pajama, anakaa ndani ya gari linalotoa moshi hadi injini ipate joto, kisha anarudi ndani magoti yamekufa ganzi. Ulisema kazini kwenu kuna mtu anawasha gari lake akiwa bado anakunywa chai, kwa rimoti tu, na ulipoondoka ukatuma kile kifaa kwenye boksi lake. Uliniagiza nikipeleke kwa mtaalamu wa vifaa hivyo akifunge. Nilikipeleka, kwa maana ya kwamba nilifika dukani. Yule fundi wa dukani aliuliza gari ni la aina gani, nikamwambia, akarudisha boksi juu ya kaunta. Alisema magari ya gia za mkono hafungi, amekataa kwa watu wengi na hatabadilisha kwa ajili yangu. Gari otomatiki likiwa kwenye P, ile ya kuegesha, halina pa kwenda, alisema, lakini la gia za mkono hujui mwenyewe ameliachaje.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Mimi ni fundi umeme wa magari, Dada, na mdomo wangu unatangulia kazi yangu. Nilirudi gereji nikawatangazia wenzangu kwamba yule wa dukani anaogopa nyaya, na kwamba nitakifunga mwenyewe, na Baba atakuwa mzee wa kwanza mtaani kuwasha gari kutoka chumbani. Fundi breki akaniambia nisome kwanza kijitabu. Nilikisoma, kwa kweli. Kijitabu kilisema inawezekana, ila kwa masharti.

Siku ya kufunga nililala chali chini ya usukani, miguu nje, Baba ameshika tochi. Wewe unamjua. Amefundisha udereva hadi nusu ya mji huu wanamwita Mwalimu Klachi, na hawezi kushika tochi bila kuuliza maswali. Aliniuliza, tunapowasha kwa ufunguo lazima mguu ukanyage klachi, sasa hiki kifaa kitakanyaga na mguu gani. Nikamwambia hakina mguu, kuna waya tunaounganisha ili gari lidhani klachi imekanyagwa. Akasema kwa hiyo tunalidanganya. Nikacheka, nikasema ndiyo, tunalidanganya kidogo tu. Akauliza, je, gari likiwa kwenye gia siku hiyo, uwongo huo utamwangukia nani. Nikamweleza kwamba watengenezaji si wajinga, wameweka ulinzi, na hapo nikamfundisha utaratibu ambao nataka wewe pia uuelewe vizuri, kwa sababu kila kitu kinakaa hapo.

Ukifika nyumbani huzimi injini. Unatoa gia, gari linakaa nyutro, unavuta breki ya mkono, unabonyeza rimoti, unachomoa ufunguo. Injini inaendelea kunguruma bila ufunguo. Unashuka, unafunga milango, na injini inajizima yenyewe. Kwa njia hiyo kifaa kinajua gari limeachwa nyutro, maana lingekuwa kwenye gia lisingekaa linanguruma bila mguu wa mtu. Na kuanzia hapo, mtu yeyote akifungua mlango wowote, au akishusha breki ya mkono, kifaa kinafuta kila kitu na asubuhi kinakataa kuwasha. Kinakataa kwa sababu hakijui huyo aliyeingia amegusa nini.

Sasa fikiria, Dada, ugumu wake kwa Baba. Mzee yule maisha yake yote amefundisha kinyume. Sisi sote tumekariri tangu utotoni kwamba gari likilala lilale na gia, kwamba breki ya mkono ni waya tu na waya huchoka, kwamba dereva anayeacha gari nyutro kwenye mteremko arudishe leseni. Uwanja wetu una mteremko. Mimi alinipiga kofi la kisogo kwa kosa hilo nilipokuwa najifunza, na wewe ulinyimwa gari likizo nzima. Leo mwanawe anamwambia aiache nyutro kila jioni. Lakini alijifunza. Alifanya mazoezi uwanjani kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza, anaingia na kutoka, anatamka kila hatua kwa sauti. Akitoa gia alikuwa anautikisa mkono wa gia kushoto na kulia, kushoto na kulia, kuhakikisha uko huru, kisha anavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Aliweka na jiwe mbele ya tairi, mpaka nikamwambia jiwe sasa ni kunitukana.

Ilipofanya kazi asubuhi ya kwanza alisimama dirishani kwa kanzu ya kulalia, akabonyeza, gari likaitika, akashusha pazia akaenda kunywa chai yake. Majirani walikuja kuangalia. Aliwaambia rimoti ni ya binti yake na mkono ni wa kijana wake, na akaniita fundi mbele yao. Nafanya kazi hii miaka mingi, hajawahi kuniita fundi. Alikuwa akiniita mpenda cheche, ndiko jina langu lilikotoka. Siku hiyo nilitembea hadi gereji badala ya kupanda gari, ili nikutane na watu wengi zaidi.

Kisha mvua zikaanza, na kifaa kikaanza kukataa. Swichi ndogo ya mlango wa nyuma ilikuwa imeingia kutu. Maji yakifika pale, kifaa kinaona mlango umefunguliwa wakati umefungwa, kinafuta utaratibu wa jioni, na asubuhi Baba anabonyeza hadi kidole kinauma. Alikuwa ananipigia simu gereji, nami simu yangu ile spika ya ndani ilikufa, lazima niweke sauti ya nje. Wote wakawa wanasikia Baba akisema, fundi, leo imekataa tena. Wakageuza kuwa salamu. Ukiingia asubuhi fundi breki anakuuliza kwa sauti ya kizee, fundi, leo imekataa tena? Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nafura. Nilichofikiria ni yule wa dukani, na kwamba habari zikimfikia atasema alijua.

Dawa ilikuwa kubadilisha swichi. Kitu kidogo kama kifungo cha shati, ila lazima uivue ngozi ya ndani ya mlango na kuufuata waya hadi chini ya kapeti. Sikutaka kazi hiyo. Mchana mmoja Baba alipokwenda kumsalimu rafiki yake, nilipita nyumbani, nikalala chini ya usukani, nikakata nyaya zilizokuwa zinakipa kifaa habari za milango na za breki ya mkono, nikaunganisha mahali pengine, kiamini siku zote kwamba milango imefungwa na breki imevutwa na kila kitu kiko sawa. Kuanzia hapo kingewasha gari wakati wowote, liwe limeachwa vipi. Ulinzi wote niliomwahidi Baba niliuondoa kwa koleo, na chai yangu ilikuwa haijapoa.

Aliporudi nikamwambia nimerekebisha. Akauliza tatizo lilikuwa nini, nikasema swichi, nimeweka mpya. Akaomba kuiona ya zamani, maana Baba hajawahi kukubali spea mpya bila kuonyeshwa ile iliyotolewa. Nikasema nimeitupa. Akasema haya, fundi ni wewe. Na akaendelea na utaratibu wake kila jioni, anatikisa gia, anavuta breki kwa mikono miwili, anafunga milango mmoja mmoja akiikagua. Nilikuwa namwangalia kutoka chumba changu cha uani, nami peke yangu nikijua kwamba hakuna kilichokuwa kinamwangalia. Nilijiambia kwa kuwa Baba hakosei, hakuna neno. Na kweli Baba hakukosea.

Asubuhi ile ya ajali sehemu yake unaijua. Mama alikuwa ameinama kwenye bomba la uani anajaza ndoo, pale mbele ya gari. Kutoka dirishani boneti inalificha bomba, na mtu aliyeinama haonekani. Baba aliangalia kama kawaida, akaona uwanja mtupu, akabonyeza. Gari halikuwaka kistaarabu. Liliruka. Likateremka na injini juu, likambana Mama mguu kwenye zege la bomba, likazimika hapo hapo. Nilisikia mlio wa bati na kisha sauti ya Mama, nami nilikuwa nimesimama na mswaki mdomoni.

Baba alitoka pekupeku, rimoti bado mkononi. Yeye ndiye aliyefungua mlango ili tulisukume gari nyuma. Nilikuwa nimemshika Mama mabega, na nilimwona anaingiza mkono, anashika gia, kisha mkono unasimama. Gia ilikuwa namba moja. Breki ya mkono ilikuwa chini. Aliitoa, tukasukuma, Mama akatoka. Halafu Baba akanitazama akasema aliiacha nyutro. Akasema tena, aliiacha nyutro, aliitikisa. Nikamwambia hayo tutayazungumza baadaye. Jirani alileta gari lake, wakaondoka na Mama hospitali, Baba amevaa shati langu.

Ulipopiga simu nilikuwa nimeshawafuata, tuko kwenye korido ya hospitali, na simu yangu, kama nilivyosema, ni ya sauti ya nje. Ulimuuliza Baba kama ana hakika. Akasema ana hakika. Ukauliza tena, kwa ile sauti yako ya kuuliza mara ya pili, akasema anadhani ana hakika. Kisha ukauliza swali ambalo lingemaliza kila kitu. Uliuliza, nani mwingine anayeliendesha hilo gari. Baba alikuwa anafungua mdomo, mimi nikawahi. Nilisema hakuna mwingine, Dada, wazee wanasahau, tusimlaumu. Maneno hayo nimeyasikia masikioni mwangu kila siku tangu hapo. Yule mzee alifumba mdomo, akaangalia miguu yake. Mtu aliyepita angeniona mtoto mwenye huruma.

Umesikia kwenye simu kwamba Baba amebadilika, lakini hujaona. Akitoka anarudi kutoka getini kuangalia kama amefunga mlango, akifika getini anarudi tena. Dawa zake mwenyewe anamuuliza Mama kama ameshazinywa. Alikutana dukani na mwanafunzi wake wa zamani, kijana mzima anaendesha lori, akashindwa kukumbuka jina lake. Dada, amefundisha watu maelfu, nani angelikumbuka? Lakini alikuja nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mabega yakawa yanatikisika. Anamwogesha Mama, anampikia, anamwomba msamaha asubuhi kabla ya salamu. Mama amesamehe, anasema kila mara, ila nimemwona anaficha kiberiti chini ya mto, Baba asije akaacha moto unawaka. Mwezi mmoja nyuma Baba alikuwa anazuia madereva barabarani kuwasahihisha namna wanavyokata kona. Sasa hata kuvuka ananiuliza mimi kama kuko salama.

Ufunguo aliniletea mwenyewe, amesema nimfichie asije akatamani. Na uliposema utakuja kumchukua, alifungasha nguo siku hiyo hiyo.

Sasa nasema. Aliyeliacha gari kwenye gia ni mimi.

Jumapili ile, siku moja kabla ya ajali, Baba na Mama walikwenda kwa miguu kumtazama mgonjwa. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake. Baba alishanikataza kulichukua gari bila kuomba, kwa sababu huwa narudisha tanki likiwa kavu, lakini nilikuwa na betri ya mteja ya kupeleka na sikutaka kubeba begani. Nilikwenda, nikarudi kabla yao. Nikaegesha pale pale alipokuwa ameliegesha, nikazima kwa ufunguo, nikalitia gia namba moja, nikashuka. Breki ya mkono sikuigusa. Sikufikiri hata kidogo, Dada. Mkono wangu ulifanya alichoufundisha yeye kwa kofi la kisogo. Mzee alijilazimisha kuacha mazoea ya maisha yake yote, na mimi niliyemfundisha utaratibu mpya ndiye niliyeusahau. Na kama ningekuwa nimebadilisha ile swichi, kifaa kingeona mlango umefunguliwa, asubuhi kingekataa, Baba angenipigia simu kusema leo imekataa tena, na Mama angejaza ndoo yake.

Nilijua saa ile ile. Sikuhitaji kufikiri. Baba aliposimamisha mkono kwenye gia, mimi nilikuwa tayari najua, na bado Mama alikuwa hajanyanyuliwa. Na walipoondoka kwenda hospitali mimi nilibaki, nikasema nafunga maji. Nilifunga maji. Kisha nikaingia chini ya usukani nikaking'oa kile kifaa chote, nikarudisha kila waya mahali pake pa kiwandani, nikazungushia tepu mpya. Wengine walikuwa wanambeba Mama, mimi nilikuwa nasafisha nyuma yangu. Nikawaambia nimeking'oa kwa hasira.

Nilidhani nitanyamaza hadi ipite. Lakini jana nilimkuta Baba jikoni anaosha vikombe, amesimama mbele ya jiko ananyooshea kidole kila kitufe cha gesi, anatamka kwa sauti, hiki kimefungwa, hiki kimefungwa, kama alivyokuwa anatamka hatua za kuegesha. Nikashindwa. Nilimvuta kiti nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, waya, swichi ambayo haikuwahi kununuliwa, Jumapili, betri, gia.

Alisikiliza hadi mwisho. Akakausha mikono. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, na naapa ningelipokea kwa furaha. Akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu ajali, akaniwekea mkono kichwani. Akasema ahsante mwanangu. Akasema anaelewa ninachotaka kufanya, na kwamba Mama yetu amelea, lakini nisijitwike kosa lake.

Nikamwambia sijitwiki, ni langu. Nikaapa. Akanikanya nisiape uwongo kwa ajili yake, hafai kuapiwa. Akasema mimi tangu utoto nikiona mtu analia hutunga kitu cha kumfurahisha, na hilo ni kweli, Dada, wewe ni shahidi. Nikamshika mkono hadi kwenye gari nimwonyeshe. Akaleta tochi yake, akainama chini ya usukani na magoti yale, akaangalia. Hapakuwa na kitu. Nyaya zote zimenyooka, tepu imezungushwa vizuri, hakuna hata alama. Akainuka akanipiga bega akasema kazi yangu siku zote ni safi. Kisha akanikumbusha kwa upole, kama anamkumbusha mwanafunzi, kwamba mtu mwingine angefungua mlango kifaa kingekataa, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo. Jioni nikamsikia ukutani anamsimulia jirani namna kijana wake alivyotaka kumbebea aibu yake.

Sina kitu cha kumwonyesha. Nilikiharibu mwenyewe. Baba na Mama siku hiyo walichelewa kurudi, hawakuniona. Yule mteja wa betri amehama. Nimekaa nimefikiri kila upande, na amebaki mtu mmoja tu anayejua kwamba Jumapili ile nililiendesha gari la Baba. Ni wewe, Dada.

Ulinipigia mchana ule. Ulikuwa unataka kunieleza matokeo ya mtihani ya mpwa wangu mkubwa. Ukasikia honi, ukauliza niko wapi, nikakwambia niko barabarani na gari la Baba, wenyewe wameenda kwa mgonjwa, usiniseme. Ukaniambia niegeshe pembeni kwanza, huzungumzi na mtu anayeendesha. Nikaegesha, tukaongea, ukanisomea alama za kila somo. Kumbuka tafadhali. Ulifurahi sana siku hiyo, ndiyo maana huenda lile la gari lilikupita. Nilipokujibu kule hospitali kwamba hakuna mwingine anayeliendesha, nilikuwa nasubiri unikumbushe, na ulipokaa kimya nikashukuru. Hilo ndilo linalonitoa jasho kuliko yote. Nilishukuru.

Baba mimi hataniamini tena, kwa kuwa ananipenda na ananijua. Wewe hutanii wala hubembelezi, ukisema kitu anakichukua kama taarifa ya habari. Mpigie kabla ya Jumamosi, au ukija mwambie kabla hajaingia kwenye basi na begi lake. Mwambie ulinisikia kwa masikio yako nikiwa ndani ya gari lile. Mwambie aliiacha nyutro. Akishakuamini atataka kunifukuza nyumbani, na Mama atakuwa na haki ya kumsaidia. Wewe usinitetee. Kwa daktari mpeleke ukipenda, lakini asiende akiwa anaamini nilichomwaminisha mimi.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote, hasa yule wa matokeo mazuri. Majirani wanakusalimu. Mama anakusalimu, anasema uje na sweta lake la kijivu ulilokwenda nalo. Baba anakusalimu mno. Nilipomwambia nakuandikia barua alifurahi, akaniagiza nikuandikie neno moja kutoka kwake. Anasema usiwe na wasiwasi na mimi, mdogo wako, kwamba nimekua mtu mzima, na ni mtoto mwema. Nimeliandika kama alivyoniagiza.

Ni mimi mdogo wako,
Cheche